Hamoud wa Kisauni na Mita ya Hewa

Mume wangu Hamoud alikuwa mtu wa maneno machache na vyombo vingi. Nilipoolewa naye mwaka wa 1955 nikaletwa Kisauni, niliambiwa naolewa na fundi wa redio. Sikuambiwa kwamba redio zenyewe nazo zingehamia. Zilikuwa chumba cha mbele, zilikuwa ukumbini, na siku moja niliikuta moja chini ya kitanda imefunikwa shuka, kama mgonjwa anayetakiwa atoke jasho. Nilipomwuliza ile nayo ya nani, akasema ni ya mwalimu wa Likoni na isiguswe. Basi nikafagia kandokando yake mwezi mzima.

Simlaumu. Mimi nilikuwa nikishona kofia za vito, zile zenye vitundu vya kushonwa kwa mkono, na yeye hakupata kunilaumu kwa sindano zangu zilizotapakaa. Yeye alikaa mezani karibu na dirisha, mimi nilikaa kwenye mkeka na kofia yangu magotini, na hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake bila ya kufundishwa. Redio za siku zile zilikuwa za taa. Si taa za kumulika chumba. Ni vile vichupa vya kioo vilivyowaka ndani ya redio, vikapokea sauti hafifu na kuikuza hata ikasikika barazani. Redio za transista zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, mikononi mwa mabaharia na vijana wapenda mapya. Hamoud alizipenda na kuzionea wivu kwa pamoja.

Kazi haikukosekana. Mwanzoni mwa mwaka wa 1962 kila mtu alitaka redio yake iseme. Wajumbe walikuwa London kuzungumzia Uhuru, na huku kwetu watu walibishana mpaka chai ikapoa, Mwambao uwe peke yake au uwe ndani ya Kenya. Mtu alikuja mbio na redio bubu kwapani akisema, "Hamoud, wallahi nitengenezee leo, kesho watakuwa washakata shauri!" Hamoud alimjibu kwamba London haikupata kukata shauri kwa siku moja, akae anywe kahawa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Tangu enzi za marehemu mama mkwe wangu, chumba cha kazi kilifukizwa ubani kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa. "Riziki haiingii chumba kinachonuka lehemu," alikuwa akisema. Alipokaribia kufa alinikabidhi chetezo chake cha udongo, nami nikaishika desturi kwa mikono miwili. Nilifukiza pembe zote, nikafukiza mezani, nikafukiza hata chini ya meza. Hamoud aliwahi kuniomba, kwa sauti ya chini, nifukize kidogo kidogo kwa kuwa moshi ulimchoma macho. Nilimpa maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Hakuniomba tena.

Jirani zetu wa upande wa kisimani walikuwa Baya na mkewe Kache, watu wa Kaloleni. Baya alikuwa kibarua kwa tajiri mmoja aliyekuwa na kandarasi ya kusafisha matangi huko Changamwe. Tangi likishamwagwa, watu hupanda juu yake kwa ngazi, wakaingia kwa kitundu, wakateremka ndani kukwangua tope na kutu. Mwaka uliotangulia, Nguma, ndugu yake Kache tumbo moja, aliingia katika tangi lililokuwa tupu, kavu, lisilonuka chochote. Kabla hajafika chini aliachia ngazi akaanguka. Baya ndiye aliyeteremka kumtoa, na yeye mwenyewe alivutwa kwa kamba akiwa hajitambui. Nguma alizikwa kwao Kaloleni. Kache alirudi baada ya matanga, na tangu siku hiyo mumewe akiondoka asubuhi alisimama mlangoni mpaka baiskeli ipotee, na jioni alisimama tena papo hapo.

Alasiri moja ya mwezi wa nne, masika yameanza, Baya alikuja kwetu na kisanduku cha mbao chenye kioo na mshale usoni.

"Fundi," alisema, "hii ndiyo mita ya hewa. Tajiri aliinunua baada ya mambo ya Nguma. Unaifunga kamba unaiteremsha tangini, mshale unakwambia hewa ipo au haipo. Lakini imeanguka, imekufa."

"Yatakiwa lini?" Hamoud akauliza.

"Jumatatu si hii, ile nyingine. Wanafungua tangi la tatu, limefungwa tangu kabla ya gharika ya mwaka jana. Ikiwa nzima tutaitumia. Ikiwa mbovu, msimamizi atatia kichwa kitunduni anuse." Baya akakisukuma kisanduku mezani. "Nguma naye alinusiwa, Fundi. Msimamizi alisema safi."

Hamoud alikivuta kile kisanduku mbele yake, akachukua bisibisi.

Ndani mlikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza kilikuwa kichupa chenye kipande cha fedha na kipande cha risasi, vimekaa ndani ya maji makali. Hewa nzuri ikiingia mle, kichupa hutoa umeme. Hewa ikikosekana, umeme hukatika. Lakini umeme wenyewe ulikuwa mdogo mno, hauwezi kusukuma mshale. Kwa hiyo palikuwa na kitu cha pili, taa ya kuukuza, na hiyo ndiyo iliyovunjika. Taa ya namna ile haikuwako Mombasa nzima. Kuagiza Ulaya ilikuwa miezi mitatu kwa meli.

"Nitatafuta taa nyingine itakayoweza," Hamoud alimwambia Baya. "Inshallah kabla ya hiyo Jumatatu."

Baya alipoondoka nilimwuliza kuna ugumu gani, na rafu zetu zimejaa taa tele. Akageuka akanitazama, akaniuliza kama namjua mwonjaji wa mchuzi wa harusini.

"Mwonjaji mwema hutia ncha ya ulimi," alisema, "akakwambia chumvi imezidi, chumvi imepungua. Mwonjaji mlafi huonja mpaka sufuria ikaisha. Sasa hiki kichupa, mchuzi wake wote ni tone moja. Nataka taa itakayoonja ikasema, na tone likabaki."

"Basi asitumwe mtu wa ukoo wako," nikamwambia.

Alicheka, maana kwao wanajulikana. Kisha uso wake ukarudi katika kazi, akaniambia jambo ambalo sikulisahau. Mita ile ikikosea, alisema, itakosea upande wa kuua. Umeme mwingine ukipenya pembeni, ukavuja kutoka kwenye betri mpaka kwenye mlango wa taa, mshale utapanda, na mshale ukipanda maana yake hewa ipo. Watu wataingia.

Alianza na transista, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Ililimeza tone lote na mshale haukutikisika. Akaiweka kando kwa huzuni, kama mtu aliyeposa akakataliwa. Akaja kwenye taa za redio. Kipimo chake kilikuwa chepesi hata mimi nilikielewa: aliking'oa kile kichupa kabisa, asibakishe cha kuonjwa, kisha akatazama mshale. Ikiwa taa ni njema, mshale ulale kwenye sifuri. Ukiinuka, taa inajisemea uwongo. Alijaribu taa tano kwa siku nne, na zote tano ziliinua mshale. Nyingine iliinua kidogo, nyingine iliinua mpaka mahali palipoandikwa hewa ya mtu kuvuta.

"Ni kama tangini hamna hewa, nayo yasema ingia," alisema siku ya nne, akaitoa taa ya tano akaiweka mezani polepole sana. Alikuwa hasemi ovyo mume wangu, na hasira zake zilijulikana kwa upole wa mikono.

Siku ya tano akamkumbuka shangazi yake, Bi Dhahabu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bi Dhahabu alikuwa hasikii vyema, na mwanawe wa Unguja alimletea mashine ya kusikilizia, kijisanduku cha kubandika kifuani chenye waya wa kwenda sikioni. Aliivaa siku moja tu, akaifungia sandukuni. Tulikwenda wote wawili. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya kuita watu shamba, akaitikia marahaba, na Hamoud akaanza kueleza haja yake kwa kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Wataka nni kwani, hiyo mashine?" Bi Dhahabu alimkatiza. "Ichukue, mwanangu. Siku nilivaa n'mesikia watu wanavyonisema. N'mesikia ya kutosha duniani." Alipokuwa akiitoa, imezongwa katika kitambaa chenye karafuu, akaongeza, "Lakini hicho kitu chako kikinena, uje unambie kimenena nni."

Ndani ya mashine ile mlikuwa na vitaa vitatu, kila kimoja si kikubwa kuliko kokwa ya tende. Hamoud alivitazama kwa muda, akatabasamu kwa mara ya kwanza juma lile. "Hizi zimezoea kunong'onezwa," alisema. Zilikunywa betri kidogo mno, zikawaka kwa wekundu usioonekana mchana. Akaifunga moja, akang'oa kichupa. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limetoka baada ya mvua. Mshale ukalala kwenye sifuri ukatulia. Tulipika pilau usiku huo bila sababu nyingine yoyote.

Asubuhi yake mshale ulikuwa umeinuka.

Akabadilisha taa, akatia ya pili, kisha ya tatu. Mambo yakawa yale yale: alasiri mshale umelala, asubuhi umeamka. Alilaumu unyevu wa masika, akakausha kila kitu kwa joto la taa ya kandili. Ukapungua, haukwisha. Akalaumu chumvi ya hewa ya bahari, akalaumu betri, mwisho akajilaumu mwenyewe. Jumatatu ya Baya ilibaki siku nne.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, nilikwenda kutwaa kitambaa cha kofia nilichokuwa nimekitundika kwenye msumari juu ya meza yake tangu Jumapili. Kilikuwa kitambaa cheupe, marikani safi, nimekikunja mara mbili. Nilipokikunjua, upande wa ndani ulikuwa mweupe vile vile na upande wa nje umegeuka manjano, unanata vidoleni. Nikanusa. Ulikuwa ubani wangu.

Nikasimama pale nikazitazama taa zake mezani, nikauvuta ukucha juu ya kioo cha moja, ukaacha mstari. Niliyaelewa yote kwa mara moja na sikufurahi kuyaelewa. Ule utando wa ubani ulikuwa juu ya kila kitu katika chumba kile, miaka na miaka, na asubuhi ukipata unyevu na moshi mpya ukawa njia ya umeme kutambaa. Redio hazikuwa na habari nao, kwa kuwa redio haijali uvujaji mdogo kama huo. Mita ya tone moja ilijali.

Sasa niseme aibu yangu. Nilikikunja kile kitambaa nikakitia chini ya godoro, na nisiseme. Nilijiambia labda sivyo. Nilijiambia mama mkwe wangu hakunikabidhi chetezo ili nikivunje. Ukweli ni kwamba nilikumbuka maneno niliyompa Hamoud alipolalamika, na sikutaka kuyameza. Tena kibaya zaidi, Jumamosi asubuhi nikafukiza tena, pembe zote, kama kawaida.

Adhuhuri ile Hamoud alisema, akiwa ameinamia sahani bila ya kula, "Mchana inasema kweli. Nitaipeleka hivyo hivyo. Nitamwambia msimamizi aitumie alasiri tu."

Nilijua, naye alijua, kwamba msimamizi hangengoja alasiri. Kazi ya matangi ilianza saa moja asubuhi. Bado nikanyamaza.

Baada ya alasiri alikuja Kache na mihogo ya kwao ndani ya kikapu, akakaa mkekani pangu. Alikuwa na uso ambao sikuuona kwake tangu msiba.

"Mama Ruwaida," aliniambia, kwa jina la binti yetu, "juma hili nimelala. Tangu mita ije kwenu, nalala mpaka jogoo. Namwambia Baya, ikiwa Fundi Hamoud ndiye aliyeishika, wewe nenda tu."

Nilimshukuru kwa mihogo. Alipoondoka nilibaki nimekishika kikapu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe hakikuwa changu, kilikuwa cha mume wa mtu. Nikaenda chumbani nikakitoa kitambaa chini ya godoro.

"Baba Ruwaida," nikasema, "ni ubani."

"Ubani umekwisha?"

"Laiti ungekuwa umekwisha."

Nikamtandikia kitambaa mezani, cheupe huku, manjano huku. Alikigusa, akakinusa, akakiramba kwa ncha ya ulimi. Kisha akachukua taa moja, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Siku zote hizi nafanya kazi ndani ya chetezo."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, na hilo likaniudhi zaidi, nikajigombeza mwenyewe kwa niaba yake. Kisha nikamwambia na lile jingine: kwamba nimejua tangu jana, na leo asubuhi nimefukiza huku najua. Hapo kicheko kikakatika. Akaizungusha ile taa vidoleni, akaizungusha tena.

"Umesema Jumamosi," alisema hatimaye. "Kazi ni Jumatatu. Niletee spiriti."

Chetezo nikakihamishia chumbani kwetu, na marehemu anisamehe. Jumapili yote tuliosha. Tulinawa mikono kwa sabuni kisha kwa jivu, na kioo hakikuguswa kwa kidole tena, kwa sababu hata jasho la mtu lina chumvi ya kutosha kuvujisha tone. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa mitulivu zaidi, basi mimi niliishika taa ya Bi Dhahabu kwa kitanzi cha hariri ya kofia, na Hamoud akailehemu miguu yake ikaning'inia hewani, isikae juu ya ubao wowote. Pale ilipolazimu kushikizwa, tulidondosha nta safi ya mshumaa. Mle ndani ya kisanduku nikatia kifuko cha mchele uliokaangwa, unyonye unyevu, kama tunavyoweka katika chumvi ya mezani. Nilijihisi nimerudi kuwa mwari, nafundishwa kazi, na nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Mshale ukalala. Lakini kulala bila kichupa hakukumtosha Hamoud. Alitaka kuiona mita, kichupa chake kikiwamo, ikikutana na mahali pasipo hewa hasa, na mahali hapo tungepapata wapi? Baya ndiye aliyelijibu.

"Kwetu, mtungi wa tembo ukichemka vizuri, usichungulie," alisema. "Moshi wake hauonekani, lakini wakaba. Tia kiberiti ndani, kinazima hakijagusa tembo."

Hamoud alinitazama, nikatazama dari. Tembo la mnazi, na yeye mtu wa swala tano! Tukakubaliana liwe uani kwa Baya, nyuma ya kisima, mtungi ufunikwe, na jambo lisijulikane. Baya akauleta mtungi wa mdomo mpana kutoka kwa binamu yake mgema. Wakajaribu kiberiti, kikazima mdomoni mwa mtungi. Hamoud akapiga magoti, kanzu ameipandisha, akaiteremsha mita kwa kamba taratibu na uso wake uko pale juu ya mtungi akisoma mshale. Hapo ndipo Bi Dhahabu alipotokea na ndoo yake. Masikio yalikuwa hayamsaidii lakini pua ilikuwa nzima.

"Hamoud!" alipiga ukelele. "Hamoud, mwana wa ndugu yangu!"

"Sinywi, Shangazi!" Hamoud akajibu kwa sauti ya kumfikia, yaani sauti ya kuufikia mtaa mzima. "Sinywi! Napima!"

Watu walitoka majumbani. Mpaka bendera ya Uhuru ilipopanda mwaka uliofuata, kila mnywaji wa upande wetu akikamatwa na mkewe alijibu kwamba hanywi, anapima. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Hamoud na niliuona mshale. Ulishuka, ukashuka, ukalala chini kabisa. Akaivuta mita juu, ukapanda. Akaiteremsha, ukalala tena. Bi Dhahabu alipoelezwa, aliinama akautazama kwa mato yake mawili, akasema, "Basi yanena kuliko ilivyokuwa kwangu," akaenda kuteka maji.

Jumatatu alfajiri alikitoa kichupa akajaribu tena, na mshale ulikuwa bado umelala. Hamoud hakuitoa mita mikononi mwake. Alipakiwa nyuma ya baiskeli ya Baya, kanzu yake nyeupe na kisanduku kifuani, wakavuka daraja kwenda Changamwe.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Baya, kwa kuwa mume wangu angenieleza kwa maneno matatu. Msimamizi alitangulia kunusa kitundu cha tangi la tatu, akasema safi. Hamoud, ambaye kwa woga wa kimo ngazi ya kupandia kitandani ilimtosha, alipanda tangi lile refu mpaka juu, akaiteremsha mita akiimulika kwa tochi. Mshale ukalala chini. Msimamizi akasema kitu hicho kimekufa tena, tupeni. Hamoud akaivuta juu mshale ukapanda, akaiteremsha ukalala, akafanya hivyo mara tatu.

"Tangi lina kutu tu," msimamizi akasema. "Kutu haikupata kuua mtu. Haya, Baya, ingia."

"Kutu hula hewa," Hamoud akajibu. "Limefungwa miezi yote hii. Imekwisha."

Baya alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Hamoud akamshika bega akamtoa, akauvuta mfuniko wa chuma juu ya kitundu, akaketi juu yake. Msimamizi alifoka, akasema ataita askari. Hamoud akamwambia na waje, nafasi ya kukaa ipo. Mtu huyu ambaye hakupata kubishana hata na mwuza samaki alikaa pale juu ya tangi, kanzu imejaa kutu, mpaka kibarua mmoja akashauri wateremshe kuku. Akaletwa kuku ndani ya kikapu, akateremshwa kwa kamba, wakahesabu mpaka mia. Alipovutwa juu shingo ilikuwa imelala ukingoni mwa kikapu. Msimamizi akaagiza mashine ya kupulizia hewa, na vibarua wakaambiwa warudi makwao mpaka Jumatano.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Hamoud aliingia, akanawa, akaiweka mita mezani. "Hewa haikuwamo," aliniambia, akaketi karibu yangu mkekani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo mchana. Nilimshika mkono.

Dirishani tukamsikia Kache. Alikuwa amemwona mumewe akiingiza baiskeli uani saa ambayo si ya mtu mwenye kazi kuwa nyumbani.

"Umefukuzwa!" alipaza sauti. "Umemtukana nani wewe Baya? Mbona uko hapa saa hizi?"

"Sikufukuzwa. Tangi halikuwa na hewa. Nilikuwa nimeshatia mguu."

Tukasikia ndoo ikiwekwa chini. Kisha Kache akaanza upya, kwa nguvu zaidi: kwa nini ameingia na miguu michafu, nani atafua suruali ile, maji hayakutekwa tangu jana, na ile baiskeli iondoke mlangoni. Aligomba huku akilia, maneno yakigongana, na Baya akijibu, "Ndiyo, mke wangu. Ndiyo." Hamoud alitaka kuinuka akasuluhishe. Nikamvuta kanzu akakaa. Mwaka uliopita nyumba ile ilikuwa na kilio cha msiba. Leo ilikuwa na mke anayemgombeza mumewe, nami nilitaka amgombeze mpaka jioni.